Lebo ya Firenze

Huko nyumbani mama wa bwana harusi huvikwa khanga, na khanga hujieleza yenyewe. Ina maneno yake, kila mtu anayasoma, anacheka au ananuna, maisha yanaendelea. Watanzania wa Washington na vitongoji vyake, walipoona baridi ya huku haielewani na khanga, walihamia kwenye mashali ya pashmina. Na kwa kuwa pashmina haina maneno, wakaanza kusoma lebo.

Aliyeanzisha jambo hilo hajulikani vizuri, ila kila mtu anamsingizia Bupe, mwenyekiti wa kudumu wa kamati zote za sendoff, zile sherehe za kumuaga bibi harusi, kuanzia Springfield mpaka Baltimore. Kwenye sendoff ya binti yake, mama mkwe alipokwisha kuvikwa shali, MC Solomon alilikamata pindo, akaligeuza, akasogeza kipaza sauti na kusoma kwa nguvu: "Dubai, jamani! Dubai!" Ukumbi mzima uliinuka. Bupe alisimama akapigiwa vigelegele, akazunguka polepole ili simu za pande zote zimpate. Tangu siku hiyo hakuna mama mkwe aliyevikwa kitu kimya kimya. Solomon anageuza, anasoma, na mwenye zawadi anasimama. Ikisomwa Paris, watu wanapanda juu ya viti. Ikisomwa China, wanarudi kwenye sahani zao.

Euphrasia alikuwapo kwenye sherehe zote hizo, meza ya mbele, akipiga vigelegele huku akihesabu siku. Binti yake Vaileth alikuwa ameshachumbiwa. Zamu ya Euphrasia ilikuwa inakuja.

Sasa, Vaileth si msichana wa kumdharau. Anakaa Greenbelt, anafanya kazi ya kompyuta kwenye kituo cha utafiti wa anga, na mama yake hajawahi kumaliza sala ya kufungua kikao bila kulitaja jambo hilo mbele za Mungu. Ambalo Euphrasia hakulitaja popote, si kwa Mungu wala kwa kamati, ni kwamba jioni, akishaachana na satelaiti zake, binti huyu hushika sindano na kudarizi.

Alianza kwa ajali. Bafu lake lilivuja, maji yakamdondokea mzee wa ghorofa ya chini, mzee akapanda ngazi kuja kugomba. Jina lake Ghulam, mtu wa Kashmir, aliyedarizi mashali maisha yake yote mpaka mwanawe alipomleta Marekani apumzike, na mapumziko yalikuwa yanammaliza taratibu. Vaileth alishuka kuomba radhi, akaona kazi iliyokuwa mapajani mwa mzee, akakaa kuitazama. Akawa anakwenda kukaa hapo kila jioni, majira ya baridi yakaja na kwenda, yakaja tena na tena.

Pashmina ya kweli hutokana na sufu laini ya ndani kabisa ya mbuzi wa milimani, nayo ni nyepesi kiasi kwamba ukijitanda unajipapasa bega kuhakikisha bado ipo. Mzee Ghulam alipiga chapa za maua juu yake kwa kibao na unga mweupe, kisha akamwachia msichana sindano na nyuzi za hariri. Hakuwa mtu wa kusifu. Akiletewa kazi hakuitazama mbele hata kidogo. Aliigeuza nyuma, akapitisha kidole gumba akitafuta mafundo, na akilipata moja alisema kwa Kiingereza chake cha mkato: fumua. Vaileth alifumua mpaka akaota anafumua. Ila mwisho shali likakamilika, rangi ya damu ya mzee, pindo zote nne zimejaa majani na makorosho, yale yale makorosho ya kwenye khanga, ambayo mzee Ghulam alishikilia kuwa ni ya kwao na wala si korosho. Hawakugombana. Kila mmoja alimwachia mwenzake aamini apendavyo.

Vaileth alilileta Springfield, kwa wazazi wake, limefungwa ndani ya foronya.

"Mama, hii ni ya mama yake Mugo," alisema. "Nimeitengeneza mimi. Yote. By hand."

Mugo ndiye mchumba, kijana wa Kikenya, mpole, wa kompyuta naye. Mama yake ni nesi wa Upper Marlboro, mama mmoja mrefu asiyecheka ovyo, na Euphrasia alikuwa anamwogopa tangu siku ya posa.

Euphrasia alilitandaza shali kitandani. Kusema haki, lilimpendeza mpaka akasahau kupumua. Alilipapasa, akalipima na mwanga wa dirisha, akasema "Jamani, mwanangu." Kisha mkono wake, wenyewe tu bila kutumwa, ukaenda kwenye kona na kuigeuza.

"Lebo iko wapi?"

"Haina lebo, Mama," Vaileth alijibu akicheka. "Mimi ndiye lebo."

Euphrasia naye alicheka, kwa kuwa mtoto alikuwa anacheka. Lakini ile kona hakuiachia. Kwao Musoma mama yake mzazi alikuwa akidarizi vitambaa vya makochi. Sebuleni kwao hapakuwa na kitu kilichokaa uchi: makochi yalivaa kitambaa, redio ilivaa kitambaa, stuli na thermos vilivaa kitambaa, na vilivyobaki mama alivitembeza sokoni ili nyumbani pawe na sabuni. Shuleni wenzake walimwita Kitambaa. Siku aliyopanda ndege kuja huku, Euphrasia aliapa kwamba hatavaa tena kitu kilichoshonwa na mtu anayemfahamu, na kiapo hicho alikitunza vizuri kuliko vingine vyote alivyoapa. Leo aende mbele ya Bupe, Solomon ageuze, akose cha kusoma, halafu mtu aulize kwa sauti ndogo: kwani hiki si kitambaa cha kochi?

"Usimwambie Mama Mugo kwamba umeshona wewe," alisema. "Mkwe hazungumzi mambo ya zawadi na mama mkwe wake. Hayo ni ya wazazi. Mimi ndiye nitakayemwambia, kwa heshima yake."

"Promise?"

"Vaileth, mimi ni mama yako."

Ambalo, ukilisikiliza vizuri, si jibu. Lakini Vaileth amelelewa kuheshimu, akaridhika. Na Mugo je, si angemwambia mama yake? Mugo alikuwa ameliona shali hilo tangu likiwa tupu. Lakini Mugo ni wa aina ile ambayo ukimuuliza mama yako kavaa nini leo, anajibu: nguo.

Asubuhi ya sendoff Euphrasia aliamka na dawa yake. Kabatini kulikuwa na joho la kuogea la mumewe, Wambura, joho la taulo zito alilopewa zawadi kazini wakati mmoja wa Krismasi, naye alikuwa akilivaa kutolea takataka nje. Shingoni lilikuwa na lebo pana, nyeusi, yenye herufi za dhahabu: Valdorsa, Firenze. Euphrasia aliikata lebo kwa wembe. Akatunga uzi mweusi, akaketi penye mwanga, akaishona kwa nyuma kwenye kona ya shali, juu ya korosho lile ambalo Vaileth alilifumua mara nyingi kuliko yote. Mtoto wa mdarizi, lakini mkono wake haukurithi kitu. Mishono ilikwenda kombo, mmoja huku mwingine kule, na mafundo juu.

Lebo ilikuwa imekunjwa mara mbili: juu jina, ndani maandishi madogo. Maandishi madogo nani anayasoma? Euphrasia hakuyasoma.

Wambura alipita na kikombe chake cha chai, akasimama.

"Hiyo si ya joho langu?"

"Joho lako linajulikana hata bila jina."

"Na shali la mtoto halijulikani?"

"Baba Vaileth, hebu nenda kaoshe gari."

Wambura alikwishagundua siku nyingi kwamba katika nyumba ile amani iko gereji. Akaenda.

Sendoff ilifanyika katika ukumbi wa hoteli moja pale Springfield, Wakenya upande huu, Watanzania upande ule, na pilau katikati ikiwapatanisha. Ulipofika wakati, akina mama wa upande wa bibi harusi waliingia kwa mstari wakicheza, Euphrasia mbele, trei kichwani, shali juu ya trei. Alimvika Mama Mugo, akalivuta hapa, akalilaza pale, akahakikisha kona ya nyuma inaning'inia panapofikika. Solomon, ambaye mchana ni dalali wa nyumba na husifia kila kitu kana kwamba kina vyumba vinne na bustani, alikuja mbio.

"DJ, punguza! Punguza! Ngojeni nisome hapa. Fi-ren-ze! Italia, jamani! Hii si pashmina ya kuokota, hii ni Ulaya tupu! Mama Vaileth, simama tukuone!"

Alikuwa amesimama tayari. Vigelegele vilipanda, mtu akapanda juu ya kiti, Wakenya wakauliza kuna nini. Bupe alikuja mwenyewe, akalishika shali kwa vidole viwili, akalisugua, akalipa heshima yake kwa kunyamaza. Kunyamaza kwa Bupe Euphrasia alikuwa amekuhitaji kwa muda mrefu. Alijisikia mrefu.

Ndipo akatazama meza ya juu. Bibi harusi hutakiwa kuinamisha kichwa wakati wazazi wanatoa zawadi, na Vaileth alikuwa amefundishwa vizuri. Sasa alikuwa ameinua kichwa, anamtazama mama yake.

Vaileth alimkuta kwenye korido ya vyooni.

"Mama, kwa nini amesema Italy?"

"Solomon huyo! Si unamjua? Akiona tambi anasema Italia."

"Lakini ulimwambia Mama Mugo? Kwamba ni mimi?"

Muziki ulikuwa mkubwa, watu walikuwa wanapita, na Euphrasia alikuwa na wageni. "Nimemwambia," alisema.

"Akasema nini?"

"Amefurahi. Amefurahi sana."

Vaileth alimkumbatia kwa nguvu mpaka kilemba kikaenda upande. Euphrasia alijiona mwizi, hakika alijiona mwizi, amebeba kitu cha mtu kifuani. Akakiweka kilemba sawa, akarudi ukumbini kucheza.

Sasa Mama Mugo ni nesi, na ni nesi wa aina ile asiyekupa hata panadol bila kusoma karatasi ya ndani mpaka nukta ya mwisho. Shali alilipenda. Alilivaa kwenye harambee ya kanisa lao, na hapo mtu mmoja mwenye haraka ya kula alimmwagia mchuzi wa mbuzi begani. Alifika nyumbani, akavaa miwani, akaligeuza shali kutafuta maagizo. Aliikunjua lebo. Ndani iliandikwa kwa herufi ndogo, safi kabisa, kwamba nguo hii ifuliwe kwa mashine, maji ya moto, na ikaushwe kwa mashine, moto mkali. Mama Mugo akafuata maagizo.

Simu ilimkuta Euphrasia anapanda ngazi za nyumbani kwake.

"Mama Vaileth, hawa Waitaliano wametufanyia kitu mbaya sana."

"Waitaliano gani?"

"Wa ile shawl yako! Nimeiosha vile wamesema, kila kitu vile wamesema, na imetoka kwa dryer ikiwa saizi ya taulo ya jikoni. Haki nimelia."

Euphrasia akakaa pale pale kwenye ngazi.

"Umeifua kwa mashine?"

"Si imeandikwa! Machine wash, hot. Tumble dry, high. Kwani ulitaka nisome nini ingine? Lakini usijali. Hapa ni America, tunairudisha. Nimegoogle, hiyo duka iko mall ya Tysons. Jumamosi nakupitia."

"Aa, Mama Mugo, tuachane nayo. Nitakutafutia nyingine."

"Kuachana nayo aje? Kitu ya maana hivyo? Hapana, mama. Na tusiambie Vaileth, msichana ataumia roho bure. Hii tumalize sisi wamama."

Hapa lazima kweli isemwe. Wazo la kwanza lililompitia Euphrasia halikuwa la binti yake. Lilikuwa la Bupe: Bupe akisikia, itakuwaje. Wazo la Vaileth lilikuja la pili, limechelewa, lakini lilipofika lilikaa na halikuondoka tena. Siku zote zilizobaki mpaka Jumamosi alikuwa akishika simu ampigie, anaiweka. Alimuuliza Wambura afanyeje. Wambura akasema, "Mwambie," akaenda gereji, na Euphrasia akamkasirikia kwa kutomsaidia.

Jumamosi, ndani ya gari la Mama Mugo, alilitoa shali kwenye mfuko na kulitandaza mapajani. Halikutandazika. Sufu ilikuwa imesinyaa, imeshikana, imekuwa nene na ngumu. Hariri haisinyai, kwa hiyo maua yote yalikuwa yamevimba na kujikunja, jani limepanda juu ya jani, korosho juu ya korosho. Alilitafuta lile la kona. Lebo ilikuwa imelifunika, na herufi za dhahabu zilikuwa bado zinang'aa, hazikupata hata mkunjo. Euphrasia alitaka kulia, akaona haya, kwa kuwa mwenye haki ya kulia alikuwa Greenbelt na hajui lolote.

Dukani alikuwa na mpango mmoja: amvute Mama Mugo pembeni, amwambie kwa Kiswahili waondoke, muuzaji asielewe. Muuzaji alikuwa kijana Mmarekani mweusi mwenye suti iliyomkaa, na kwenye kifua chake palikuwa na jina: Femi. Alisikia akina mama wawili wakinong'onezana mlangoni, uso ukamng'aa.

"Hamjambo, akina mama? Karibuni sana. Niliwahi kujifunza lugha yenu chuo kikuu, kwa miaka minne mfululizo."

Mpango ukafa hapo.

"Kijana, Mungu akubariki," alisema Mama Mugo, akaweka shali juu ya kaunta. "Hii ni yenu. Nimefuata maagizo yenu, na angalia."

Femi aliikunjua lebo, akaisoma juu, akaisoma ndani, akalipapasa shali. Uso wake ukaingia huzuni ya adabu. "Mabibi, lebo hii ni yetu, bila shaka yoyote. Lakini bidhaa hii si yetu. Lebo hii ni ya joho la kuogea la wanaume."

"Joho la nini?"

"La kuogea. Baada ya kuoga, mwanamume hulivaa."

Mama Mugo alimgeukia Euphrasia polepole. "Mama Vaileth. Walikuuzia feki?"

Mwanya wa kujiokoa ulikuwa wazi. Hakuhitaji hata kudanganya sana: ilitosha kuitikia. Na mdomo wa Euphrasia, ambao haujawahi kukosa la kusema kwenye kikao chochote, ulisema, "Watu wa siku hizi, dada yangu. Watu hawana Mungu."

"Wezi hao! Pole sana." Mama Mugo alipumua, ameridhika sasa kwamba amemjua mbaya wake. Alilikunja shali kwa mkono mmoja, akamsukumia Femi. "Basi, kijana, tutupie hii takataka."

Femi alilipokea kwa mikono miwili, kwa heshima aliyofundishwa chuoni. Alizunguka kaunta. Kulikuwa na pipa chini, limejaa vikombe vya kahawa na karatasi za kufungia. Alikanyaga kipedali, kifuniko kikainuka, mikono yake ikashuka.

"Usitupe!" Euphrasia alipiga ukelele uliowageuza watu mpaka wa duka la pili. "Usitupe, we kijana! Hiyo ni kazi ya mwanangu!"

Alikuwa ameshalinyang'anya, amelikumbatia. Baada ya hapo yalitoka yote, bila mpangilio: mzee Ghulam, sindano, joho la Wambura, Solomon, Bupe, vitambaa vya Musoma. Femi alijitahidi kufuata, alipotea kidogo kwenye vitambaa. Mama Mugo alitafuta stuli ya kujaribia viatu, akaketi.

"Vaileth ameshona hii," alisema mwishowe. "Na mkono."

"Miaka, Mama Mugo. Miaka."

"Na wewe ukaniambia Italy."

Euphrasia aliinamisha kichwa.

"Unajua kwa nini niliitia kwa mashine?" Mama Mugo hakuwa amepaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mimi si mjinga. Niliona ni ya duka. Ya duka ikiharibika, duka iko. Kama ungeniambia ni mkono wa huyo msichana, si ningekaa na hiyo mchuzi hapo begani mpaka wanizike nayo?"

Femi, akitaka kuwafariji, alisema kwa upole, "Hata hivyo, lebo yenyewe ni halisi."

Kutoka hapo hawakurudi Springfield. Walishika barabara ya Beltway mpaka Greenbelt, shali mapajani mwa Euphrasia. Vaileth alifungua mlango, akawaona mama zake wawili wamesimama pamoja bila kupiga simu kwanza, akadhani kuna msiba.

"Sikumwambia," Euphrasia alisema hata kabla hajaketi. "Nilikudanganya pale koridoni. Nilishona lebo ya joho la baba yako ili Solomon apate cha kusoma, na lebo ikasema ifuliwe, ikafuliwa. Mama Mugo hana kosa. Ni mimi."

Vaileth alilichukua shali. Hakulitazama mbele. Aliligeuza nyuma, kama alivyofundishwa, akapitisha kidole gumba polepole kutoka ua hadi ua, mpaka kikafika kwenye mafundo meusi ya mama yake, kikasimama.

"Ulinionea aibu?" aliuliza.

"Hapana." Halafu Euphrasia akafuta uso kwa kiganja. "Ndiyo. Niliona aibu. Si yako, lakini ilikupata wewe." Akamweleza kuhusu makochi ya Musoma, redio iliyovaa kitambaa, mama yake sokoni, na jina aliloitwa shuleni. Hajawahi kulitamka jina hilo tangu avuke bahari, hata Wambura halijui.

Vaileth alikuwa ameshika shali, anamtazama mama yake mdomo wazi.

"Bibi alikuwa anadarizi?"

"Kila siku ya maisha yake."

"Mama. Three years mzee Ghulam ananiuliza nani kwetu alikuwa anafanya hii, mkono huu umeutoa wapi. Three years namwambia hakuna mtu. You never told me."

Kilichomuuma Euphrasia siku ile, kuliko duka, kuliko pipa, kilikuwa hicho. Alikaa pale kwenye kochi la mwanawe, kochi tupu lisilo na kitambaa, akalia bila kujificha. Mama Mugo alimpa tishu, kwa sababu ni nesi, ila hakumwambia anyamaze.

Vaileth aliinuka, akaleta mkasi mdogo wa nyuzi, akamwekea mama yake mkononi. Akamwekea na shali.

"Fumua," alisema.

Euphrasia alisogea dirishani, akavaa miwani, akainamia mishono yake mwenyewe. Uzi wa kwanza haukutoka. Wa pili haukutoka. Ile mashine ilikuwa imeshikanisha kila kitu: uzi mweusi ulikuwa umezama ndani ya sufu, sufu imepanda juu ya lebo, na kila alipovuta, korosho lililoko chini lilianza kuchanika. Alijaribu kwa ncha ya mkasi, akajaribu kwa sindano, mpaka Mama Mugo akaja akamshika mkono.

"Wacha," alisema. "Wachia hapo. Hiyo ni yangu, nitaivaa vile iko."

Wakadhani anasema tu.

Siku ya harusi, kanisa lilipokwisha na watu kuingia ukumbini, Mama Mugo alipita katikati ya meza na shali lile begani. Lilimfika nusu ya mgongo. Alikuwa amelibana kwa pini mbele, na amelivaa nje ndani, upande wa nyuma ndio unaotazama watu, ile lebo ya kona imekaa wazi katikati ya mgongo wake, dhahabu tupu. Mezani kwa kamati Bupe aliacha kutafuna. Solomon naye, mtu wa mazoea, akiona lebo damu inamchemka. Alinyanyua kipaza sauti na kuja mbio.

"Ngojeni! Ngojeni nisome hapa!"

Mama Mugo alikichukua kipaza sauti kutoka mkononi mwake, kama anavyomnyang'anya mgonjwa sigara.

"Nitasoma mwenyewe," alisema. "Hii shawl ni kazi ya mkono wa Vaileth, mkwe wangu. Ameishona mwenyewe, na bibi yake wa Musoma alikuwa mshonaji kabla yake. Hakuna duka iko nayo, hata mtafute wapi." Akangoja vigelegele vipungue. Kisha akageuza mgongo ukumbi mzima uone, akaelekeza kidole gumba nyuma ya bega lake. "Na hii lebo hapa, ni kazi ya mkono wa mama yake."

Vaileth alisimama, kama desturi inavyotaka, kicheko na machozi vikimjia pamoja. Watu waligeuka kumtafuta mwenye zawadi ya pili. Na kwa kuwa desturi ni desturi, na aliyesomewa husimama, Euphrasia alishika ukingo wa meza akasimama.